Fundi Maige na Taa za Peugeot

Mkuyuni, Mwanza
Ijumaa, 19 Aprili 2024

Bushra mwanangu,

Barua hii anakuletea Wilhelmina wa bohari la shule yenu. Nimemkuta kivukoni akihesabu magunia ya mchele, nikamwambia nina mtoto wa kaka yangu kule kwenu ng'ambo, Kidato cha Tatu, mwembamba, haongei. Akasema, “Yule anayesoma huku anatembea?” Nikajua tunaongelea mtu mmoja. Anavuka kila Jumanne na Ijumaa, anarudi siku hiyohiyo. Basi tumepata posta yetu, maana simu mmekatazwa.

Nina shida na Peugeot ya Babu yako. Jumapili nilitoka Magu kupeleka sare za kwaya, majoho arobaini na mawili, na baba yako akaomba lifti ya kurudi. Giza likaanza kuingia kabla hatujafika Kisesa. Mbele yetu kulikuwa na guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, limejaa mihogo, halina hata kipande cha bati kinachong'aa. Nilikanyaga breki mpaka mguu ukauma. Tulisimama. Mwenye guta hakujua hata kama tupo.

Baba yako akaokota tasbihi yake chini ya kiti, akaniuliza, “Moza, uliliona?”
“Nililiona.”
“Uliliona lini?”
“Uliposema Allahu Akbar, Kaka.”

Hakucheka. Tangu hapo amekuwa kama hakimu. Amesema Jumamosi ya tarehe 25 Mei, baada ya swala ya magharibi, atasimama hatua mia moja mbele ya gari akiwa na gazeti. Niwashe taa. Asipoweza kusoma, gari anauziwa mtu wa Shinyanga anayenunua magari ya zamani kuyachinja vipuri. Nilimwambia gari Babu aliniachia mimi. Akasema, “Na wewe Babu aliniachia mimi.”

Unajua bila gari mimi ni fundi cherehani wa Mkuyuni tu. Magu, Misungwi na Usagara zote nazifikia kwa magurudumu yale. Na sitaki kuliona linachinjwa.

Nimebadilisha globu mara mbili. Taa zimebaki rangi ya chai ya hospitali. Wewe una vitabu. Vinasemaje?

Shangazi yako,
Moza


Shuleni
Jumanne, 23 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na masomo yanaendelea vizuri. Nimesoma barua yako mara nne, mara ya tatu nikiwa mstarini kusubiri uji, na nikaruka zamu yangu bila kujua.

Nadhani kosa si la globu. Katika magari ya zamani umeme wa taa kubwa unatoka kwenye betri, unaingia ndani mpaka kwenye swichi ya usukani, kisha unarudi tena mbele kwenye taa. Ni safari ndefu, na waya za Peugeot zina miaka arobaini na nane. Fikiria maji ya bomba yanavyopanda kwenye nyumba za juu ya mawe. Wa chini wanaoga, wa juu wanapata matone. Taa zako zinaishi juu ya mawe.

Dawa yake inaitwa rilei. Ni kiboksi kidogo chenye sumaku ya umeme ndani. Waya ya zamani inabaki, lakini kazi yake inakuwa kutoa amri tu. Ikileta umeme kidogo, sumaku inavuta kibati ndani, na kibati kinafungua njia nyingine, fupi na nene, kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa. Utahitaji mbili, moja ya fulu, mwanga wa mbali, na moja ya dimu, mwanga wa chini.

Nimechora mchoro kwenye karatasi ya pili. Rilei ina pini nne. Namba 30 inatoka kwenye betri kupitia fyuzi. Namba 87 inakwenda kwenye taa. Namba 86 inapokea ile amri ya waya ya zamani. Namba 85 inafungwa kwenye bodi ya gari. Tafadhali fyuzi ikae karibu sana na betri, umbali usiozidi kiganja. Bila fyuzi, waya ikichubuka gari linaweza kuungua.

Mwalimu Josephat, anayetufundisha Fizikia, ameuangalia mchoro na kuukubali.

Naomba kazi hii ifanywe na fundi wa kweli wa umeme wa magari. Na kwanza apime volti kwenye betri na kwenye taa, ili tujue kama nimekisia sawa. Samahani kwa barua ndefu.

Mwanao,
Bushra Khalidi


Mkuyuni
Ijumaa, 3 Mei 2024

Bushra wangu,

Mchoro umefika, haukupata hata kunjo. Wilhelmina aliubeba ndani ya daftari la mapokezi kama hati ya nyumba.

Fundi nimempata. Anaitwa Maige. Ni mtu wa makamo, si mwongeaji, mikono yake ni misafi kuliko ya fundi yeyote wa magari niliyewahi kumwona. Anafanya kazi baada ya alasiri tu kwa sababu asubuhi ana shughuli nyingine.

Mzee Shigela fundi redio, jirani yetu, ametuazima mita ya volti. Betri ikasoma kumi na mbili na nukta sita. Kwenye taa, tisa na nukta nane! Mzee Shigela akavua miwani, akaifuta, akapima tena. “Huyo mtoto wa Kharidi yuko kurekure Sengerema na ameona mpaka ndani ya gari,” alisema. Nilijivuna mpaka nikampa chapati.

Maige amenunua rilei mbili na mita saba za waya nene. Ana utaratibu wake. Kwanza kabisa amepima njia yote kwa futi ya kitambaa, halafu akakata waya na kuacha ziada ya vidole viwili kila mwisho, maana anasema kitu kikibana sana kitachanika kwenye kona. Kila waya ameuwekea alama ya chaki na kuufunga uzi wa rangi yake: mwekundu unatoka kwenye betri, bluu unakwenda kwenye taa, njano ndiyo amri, mweusi bodi. Hafungi kitu moja kwa moja. Anashikiza kwanza, anarudi nyuma hatua tatu, anaangalia kama vinakaa, ndipo anakaza.

Anauliza: hiyo bodi unayosema, ni sehemu yoyote ya chuma? Na akifunga bando la waya kwa uzi wa nailoni, itashika?

Baba yako anapita hapa kila siku akielekea dukani. Leo aliuliza tu, “Tarehe ngapi?” Nikamwambia tatu. Akasema, “Basi.”

Shangazi,
Moza


Shuleni
Jumanne, 7 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tisa na nukta nane! Nilipiga kelele bwenini, watu wakadhani nimepata barua ya mvulana. Nikawaeleza kuwa ni volti. Hawakuniamini.

Kuhusu fundi Maige, naomba nisionekane namfundisha mtu kazi yake, lakini nina wasiwasi. Uzi wa nailoni karibu na injini utayeyuka. Atumie utepe mweusi wa umeme, auzungushe ukilaliana nusu kwa nusu. Bodi si chuma chochote. Lazima akwangue rangi mpaka chuma king'ae, ndipo afunge skrubu, la sivyo umeme hautapata njia ya kurudi. Na kabla ya kugusa chochote achomoe waya wa hasi wa betri. Haya fundi wa umeme anapaswa kuyajua tangu siku ya kwanza. Je, alisomea chuo cha ufundi cha VETA? Ana cheti?

Lakini nakiri kwamba ile ziada ya vidole viwili ni wazo zuri. Kitabu hakikuitaja.

Mwalimu Josephat anakusalimu.

Mwanao,
Bushra


Mkuyuni
Jumanne, 14 Mei 2024

Bushra,

Kaa kitako kwanza.

Kazi ilikwisha Jumapili. Waya zimelala chini ya boneti utadhani pindo la gauni la bibi harusi. Maige akarudisha waya wa betri. Akawa bado hajagusa swichi, hajaingia hata ndani ya gari, taa zikawaka! Zote! Fulu na dimu kwa pamoja!

Na mwanga, Bushra. Ooh, mwanga! Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, na ukuta wa Mzee Shigela ulikuwa mweupe kama umepakwa chokaa upya. Nilihesabu siafu waliokuwa wanapanda ukutani. Nikapiga vigelegele peke yangu pale barazani.

Kisha tukajaribu kuzizima. Swichi ikiwekwa zima, zote zinawaka. Ikiwekwa dimu, inawaka fulu. Ikiwekwa fulu, inawaka dimu. Hakuna mahali popote pa kuzizima! Mzee Shigela alileta kiti chake, akakaa katikati ya ua, akawa anaomba, “Hebu weka dimu tena,” na kila nikiweka anacheka mpaka kofia inadondoka. “Moza,” akasema, “hiri gari rina kiburi kama wewe. Rikiambiwa rara, rinaamka.”

Palepale nikasikia mlio wa pikipiki ya baba yako. Nikachukua majoho mawili ya kwaya nyingine yaliyokuwa kambani, nikazifunika taa. Akasimama.
“Mbona gari limevaa joho?”
“Linajisitiri vumbi, Kaka.”
Aliangalia lile joho linavyong'aa kwa ndani. Akaniangalia. Akaondoka. Nilichomoa betri mbio, na joho moja lilishaanza kunukia moto.

Zimebaki siku kumi na moja. Maige ameufuata mchoro wako neno kwa neno. Ila rilei tulizouziwa zina pini tano, na mchoro una nne. Ile ya tano iko katikati kabisa, imezungukwa na wenzake. Sasa Maige akafikiri: kwenye picha ya familia anayekaa katikati ni nani? Ni mkubwa. Na hapa mkubwa ni nani kama si taa? Akaipa taa ile pini ya katikati, na 87 ya pembeni akaiacha wazi.

Mwulize Mwalimu Josephat. Mwambie aandike kwa mkono wake nini kifanyike.

Moza


Shuleni
Jumanne, 14 Mei 2024, jioni

Shangazi,

Shikamoo. Nimekasirika, na naomba radhi kwa hasira.

Mfukuze Maige. Leo hii. Mtu anayechagua pini kwa kuangalia nani amekaa katikati si fundi, ni mpiga ramli. Amepewa mchoro wenye namba. Mchoro unasema 87. Yeye anaona kiti cha mkubwa! Angeweza kuchoma gari, angeweza kukuchoma na wewe. Hana cheti, nina hakika. Ndiyo maana mikono yake ni misafi, kwa sababu hajawahi kufanya kazi.

Mwalimu Josephat naye amesikitishwa naye sana.

Wapo mafundi wazuri mjini. Tafadhali tafuta mwingine kabla ya tarehe 25. Siwezi kulala nikifikiri gari la Babu linakatwakatwa Shinyanga kwa sababu ya mtu mmoja asiyejua kusoma namba.

Bushra


Mkuyuni
Ijumaa, 17 Mei 2024

Bushra,

Wilhelmina amekaa hapa anakunywa chai akinisubiri, kwa hiyo sitazunguka.

Maige hafukuziki. Maige ni mimi.

Nilikwenda gereji tatu. Ya kwanza wakaniambia, “Mama, hilo lipeleke makumbusho.” Ya pili wakasema niliache wiki mbili, na nikamwona kijana tayari anakodolea macho redio ya Babu. Ya tatu nilimweleza fundi habari ya rilei, nimeshika mchoro wako, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka kwa mteja mwanaume aliyekuwa amesimama nyuma yangu, hata simjui, akamwuliza yeye, “Sasa anataka nini huyu?”

Nikarudi nyumbani. Nikautandika mchoro wako juu ya meza ya kukatia, nikauangalia kama ninavyoangalia patani ya kukatia gauni. Nikasema, hii ni kukata, kupima na kuunga. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Usiku huohuo nikamzaa Maige, kwa sababu nilijua nikikuandikia kwamba nafanya mwenyewe utaogopa, utamwandikia baba yako, na gari litauzwa kesho yake.

Namba nazijua kusoma. Zimeandikwa kwenye rilei kwa mwandiko wa sisimizi, na mimi miwani yangu ni ya kutunga sindano. Lakini ni kweli niliikisia ile ya katikati, na hasira yako ni haki yako. Ila lile la mikono misafi limeniuma. Najisafisha kwa sababu nashika vitambaa vya watu.

Kama mwalimu wako amesikitika, mwambie nami nimesikitika. Bado naomba msaada wake. Sina mwingine.

Shangazi yako,
Moza (Maige)


Shuleni
Jumatatu, 20 Mei 2024

Shangazi yangu mpendwa sana,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimelia, halafu nimecheka, halafu nikalia tena kwa ajili ya lile neno la mikono. Nisamehe. Nimewaza jinsi ulivyozungusha utepe ule peke yako baada ya alasiri, na mimi nikikuuliza habari za cheti.

Sasa na mimi nina la kukiri. Mwalimu Josephat hajawahi kuuona ule mchoro. Hakuukubali, hakukusalimu, na hakusikitika. Hajui hata kama una gari. Niliogopa kumwuliza. Unanijua, sijawahi kunyoosha mkono darasani tangu Kidato cha Kwanza. Niliona ukijua mchoro ni wangu tu hutauamini, basi nikaweka jina lake juu yake.

Baada ya barua yako sikuwa na pa kujificha. Leo kipindi cha Fizikia kilipoisha, mwalimu akauliza kama kawaida, “Kuna swali?” akiwa tayari anafuta ubao. Nilisimama.

“Mwalimu, samahani.”
Darasa zima likageuka. Akageuka na yeye, ameshika kifutio. “Bushra! Karibu. Tumekusubiri miaka mitatu.”
Wenzangu wakacheka, na mimi nikaendelea kwa sababu nilijua nikikaa sitasimama tena. “Rilei yenye pini tano, ile ya katikati ni ya nini?”
Aliangalia dari. “Sijui,” akasema.

Shangazi, sikuwahi kumsikia mwalimu akisema sijui. Aliweka kifutio mezani. “Nimefundisha ya pini nne maisha yangu yote. Hiyo ya tano tutaiuliza yenyewe. Kwenye banda la jenereta kuna moja imetolewa. Nani anakuja?”

Tulikwenda kumi na wawili. Tukachukua betri ya maabara na globu ndogo. Mwalimu akanipa waya mimi. Niliweka betri kwenye 30, na globu kwenye pini ya katikati. Sumaku sikuigusa. Globu ikawaka yenyewe, kama zako! Kisha nikaipa sumaku umeme. Tak! Globu ikazima. Nikaihamishia globu 87, nikaipa sumaku umeme. Tak! Ikawaka. Tuliirudia mpaka kengele ya chakula ikatupita. Odeta, ambaye hulala kila kipindi cha Fizikia, alifanya tak mara kumi na moja na kukataa kurudisha waya.

Kwa hiyo ni hivi. Pini ya katikati inapata umeme rilei ikiwa imelala. Ikiamka, inaunyang'anywa na kupewa 87. Ni nzuri kwa kazi nyingine, si kwa taa. Chomoa waya wa betri kwanza. Kisha kwenye kila rilei toa waya yenye uzi wa bluu kutoka katikati, uipeleke 87. Ile ya katikati iliyobaki wazi uivike utepe vizuri, isiguse chochote, maana ina umeme gari likiwa limelala. Ni hayo tu. Kila kitu kingine ulichofanya ni sahihi. Ungekuwa umekosea kingine chochote, zisingewaka na kubadilishana vile.

Mwalimu Josephat ameusoma mchoro leo, kwa kweli, mbele ya watu. Ameongeza neno moja kwa kalamu nyekundu pembeni, utaliona. Halafu akauliza nani amefunga waya. Nikamwambia ni shangazi yangu, mshonaji wa Mkuyuni. Akasema hiyo ziada ya vidole viwili ataifundisha.

Mwanao anayekupenda na kukuomba radhi,
Bushra


Mkuyuni
Jumanne, 21 Mei 2024

Bushra wangu,

Wilhelmina amesimama mlangoni, anasema kivuko hakimsubiri mtu.

Nimesoma mpaka neno jekundu la mwalimu, “Safi.” Nimelibandika juu ya cherehani.

Tumejificha nyuma ya wanaume wawili, mmoja hayupo na mwingine hana habari, na kazi tumeifanya wenyewe! Nimesamehe kila kitu. Sasa niache nikalivue gari joho.

Moza


Pasiansi
Jumapili, 26 Mei 2024

Kwako Bushra Khalidi,

YAH: TAA ZA PEUGEOT

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi si mwandishi wa barua isipokuwa za biashara, kwa hiyo utanivumilia.

Jana tarehe 25, baada ya magharibi, tulikutana kwenye barabara ya vumbi inayoelekea ziwani, hapa nyuma ya nyumba. Nilikuwa sijamwambia mtu mwingine. Hata hivyo nilikuta watu kama thelathini, na Mzee Shigela amekuja na kiti chake kutoka Mkuyuni.

Nilihesabu hatua mia moja. Nikaongeza ishirini, kwa sababu guta halikuombi ruhusa ya umbali. Nikafungua gazeti. Nilichagua ukurasa wenye maandishi madogo kuliko yote, matangazo ya mnada. Nikainua mkono.

Shangazi yako akawasha.

Nilisoma tangazo la kwanza. Nikasoma la pili. Watu wakapiga kelele, “Soma kwa sauti, Mzee Khalidi!” Nikasoma kwa sauti: trekta, mashine mbili za kukoboa, kiwanja Buhongwa. Nikafungua ukurasa wa pamba nikasoma bei. Kwa mara ya kwanza niliuona mti wa mwisho kule chini, na mtumbwi uliovutwa ufukweni, na jina lake ubavuni. Nikamwashiria aweke dimu, akaweka dimu, mwanga ukashuka miguuni pangu. Nikaashiria azime, zikazima. Nikaashiria awashe tena. Hilo halikuwa lazima.

Macho yalinitoka machozi. Ni kwa sababu ya mwanga.

Nilipofika kwenye gari nilifungua boneti mimi mwenyewe na tochi. Mimi nauza nyavu, najua fundo zuri na fundo baya. Pale hakuna fundo baya. Nikamwuliza, “Moza, nani amefanya hii?” Akasema, “Mimi na mwanao.” Nikauliza tena, nikidhani sikusikia. Akarudia.

Bushra, tangu ile siku ya Kisesa, kila shangazi yako akichelewa kurudi mimi nakaa barazani mpaka nisikie injini. Sikuwahi kumwambia. Nilidhani kuuza gari ni rahisi kuliko kumwambia. Yule mtu wa Shinyanga nimempigia jana hiyohiyo, nikamwambia gari haliuzwi. Akauliza kama ninataka bei kubwa zaidi. Nikakata simu.

Leo asubuhi watu wawili wameniuliza kama Moza anaweza kuwafungia rilei. Mmoja, anasema Moza, ni yule fundi wa gereji ya tatu.

Soma kwa bidii. Na ukiwa na swali darasani, uliza. Mwalimu wako amenipigia kunieleza.

Ni mimi baba yako,
Khalidi


Getini, shuleni kwenu
Ijumaa, 31 Mei 2024

Bushra,

Mlinzi wenu anasema mgeni haingii na mwanafunzi hatoki bila barua ya mzazi. Nimemwambia shule imefungwa leo, wenzako wote wanatoka na masanduku yao. Anasema barua. Basi hii ndiyo barua. Nimeiandikia juu ya boneti na ina moto.

Nimevuka kivuko cha Kamanga na gari lenyewe, la tatu kutoka mbele. Baba yako yuko pembeni yangu, amekuja “kuangalia barabara.” Ameangalia barabara kwa macho yaliyofumbwa tangu tuliposhuka kwenye kivuko, na anakoroma.

Mruhusu mlinzi asome hapa: mimi, Moza, shangazi wa mwanafunzi Bushra Khalidi wa Kidato cha Tatu, kwa niaba ya baba yake, naomba apewe ruhusa ya kwenda nyumbani.

Sasa wewe. Tutapitia kwa Mama Hellen, mpishi wa Kamanga, tule samaki sato, hatuna haraka ya kivuko cha mchana. Tutavuka na kile cha jioni, kisha mimi nitaendesha mpaka Pasiansi kwa taa zangu, na hakuna atakayenikataza.

Ni saa nane mchana, jua linachoma, na nimeziwasha. Fulu. Mlinzi amekinga uso kwa mkono, anauliza kuna nini.

Toka uje umweleze.

Moza